Akiba ya Sufuria Huoza
Mazungumzo kwa wakazi wa Adungosi kuhusu kupika kwa masalio na vyakula vya bei nafuu



Wahenga walisema akiba haiozi. Bila shaka walikuwa wakifikiria pesa au shamba, si sufuria ya maharagwe iliyoachwa mezani usiku kucha. Mada ya leo ni sufuria hiyo, pamoja na ugali uliobaki, gorogoro la mahindi lililo pembeni mwa nyumba na kikombe cha omena kutoka sokoni.

Miezi migumu hapa ni Mei na Juni. Mahindi ya ghalani yamepungua, na yale ya mvua ndefu bado ni mabichi shambani. Wakati huo hakuna mama anayemwaga chakula kwa hiari. Kiporo huliwa, na hakuna aibu ndani yake. Aibu ni mtoto kulala na njaa, au mtoto huyohuyo kuharisha asubuhi kwa sababu ya chakula kilichookolewa vibaya.

Nyumba nyingi hapa hupika chungu kikubwa usiku, kilichobaki kikasubiri asubuhi. Kwa nyumba isiyo na friji, mpango huo umekaa kinyume. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, na kutoka saa mbili usiku hadi alfajiri ni muda mrefu mno. Sufuria kubwa ipikwe mchana. Kilichobaki mchana kiwe chakula cha usiku, na usiku kipikwe kinachotosha walio nyumbani.

Maharagwe yanafaa sana kwa mpango huu. Huchaguliwa jioni na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale humwagwa, yakatiwa maji mapya na kuchemshwa kwa moto mkali. Anayeshinda sokoni akiuza nyanya hana nafasi ya kukaa jikoni saa tatu, na hapo ndipo kikapu kinapomsaidia. Kikapu kikubwa chenye kifuniko hujazwa vitambaa vikuukuu au blanketi iliyochakaa. Maharagwe yakichemka kwa nguvu kwa nusu saa, sufuria huingizwa humo ingali inatokota, ikafunikwa vizuri na kuachwa. Yanaendelea kuiva bila kuni wala makaa. Mchana hurudishwa motoni, yachemke tena mpaka yalainike kabisa. Kikapu si dawa ya uvivu: maharagwe, hasa yale mekundu, yasipochemshwa kwa nguvu kwanza huumiza tumbo vibaya.

Kabla ya kukaanga, nusu ya maharagwe itengwe. Nusu ya kwanza hutiwa kitunguu na nyanya, ikaliwa mchana kwa ugali. Nusu iliyotengwa hurudi kikapuni ikiwa inatokota. Jioni huchemshwa tena, ikapondwa pamoja na viazi vitamu, na hiyo ndiyo mushenye ambayo majirani Waluhya hawahitaji kufundishwa na mtu. Asiye na viazi vibichi huenda ana vile vilivyokatwa vipande na kuanikwa wakati wa mavuno, ambavyo Iteso huviita amukeke. Hivyo huoshwa na kuchemshwa mpaka vilainike kabla ya kuchanganywa. Moto mmoja wa asubuhi umelisha nyumba mara mbili, na hakuna mtoto atakayelalamika kwamba chakula ni kilekile.

Ugali mgumu huvumilia kuliko mchuzi, na ndiyo maana ugali wa jana na chai ni kifunguakinywa cha nyumba nyingi kutoka hapa hadi Malaba. Kuna njia tamu zaidi. Ugali hukatwa vipande vya unene wa kidole. Kitunguu kimoja hukaangwa kwa mafuta kidogo, nyanya mbili zikafuata pamoja na chumvi, kisha vipande vikageuzwa humo mpaka vipate rangi ya kahawia pembeni na joto lifike katikati. Mtoto aliyekataa ugali baridi hula huu na kuomba tena. Ugali ukiwa na utelezi, harufu ya uchachu usiotarajiwa au madoa ya ukungu, hata doa moja, utupwe wote. Kukata sehemu yenye doa hakusaidii, kwa kuwa ukungu umekwisha kupenya ndani pasipoonekana.

Kitoweo cha bei nafuu kuliko nyama kiko sokoni kila siku. Kunde au mchicha uliochemshwa hutiwa njugu karanga zilizokaangwa, zikasagwa na kukorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Vijiko vitatu au vinne vikubwa hubadilisha sufuria nzima. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi, maana njugu hushika chini upesi. Omena huoshwa kwa maji moto mara mbili au tatu kuondoa mchanga, wakakaangwa wakavu mpaka wakatike, kisha wakaingia katika mchuzi uleule wa njugu. Wanaobaki wakiwa wakavu, kabla ya kutiwa mchuzi, hupondwa na kuwekwa kwenye kopo kavu. Kijiko kimoja ndani ya uji wa mtoto kina maana kuliko sukari.

Wali ni habari nyingine, na wengi huudharau. Mchele una vijidudu ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu hivyo hutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto mara kumi. Katika nyumba isiyo na friji, wali uliwe siku hiyohiyo, na ni vivyo hivyo kwa mchuzi wa nyama, samaki au maziwa.

Hayo yote ni mepesi yakilinganishwa na mahindi. Mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini. Hapa mpakani jambo hili halihitaji kuelezwa sana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyohiyo, na malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye yaliruhusiwa tena, kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu kumi kwa bilioni.

Gorogoro la mama halina cheti. Lina macho yake tu, na sumu yenyewe haionekani. Mahindi humwagwa kwenye ungo mchana, punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu na zenye ukungu zikatolewa kabla ya kwenda kisiagi. Kazi hii inachosha, lakini hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Gunia lililoshika ukungu kote haliokoleki. Kuosha, kuanika upya, kusaga wala kupika busaa hakuondoi sumu. Kumpa ng'ombe si njia ya kutokea pia, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa na kurudi kikombeni mwa mtoto. Njugu karanga zilizokunjamana au zenye uchungu mdomoni ni vivyo hivyo.

Kupima ukavu kabla ya kuweka ghalani ni rahisi. Chupa kavu ya kioo hutiwa chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, ikafungwa, ikatikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu na yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Anayeona macho yake yamekuwa ya manjano, tumbo likauma na kutapika kukaendelea baada ya kula mahindi yanayoshukiwa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, abebe konzi ya mahindi yale kwenye karatasi, na nyumba nzima iache kuyala wakati anasubiri matokeo.