Mliotoka Wanne, Rudini Wanne
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo sikuja kuzungumza juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Nimekuja kuzungumza juu ya vijana wetu wanaosafiri. Usiseme, "Mimi nakaa kijijini, hayo hayanihusu." Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Safari zimekuwa rahisi. Siku moja kijana wako atapanda basi.

Mimi nafanya kazi Olympic, huko Kibera, Nairobi. Kijana mmoja alitoka Moshi, Tanzania, kumtembelea binamu yake aliyepanga chumba hapo. Jumamosi jioni, binamu na rafiki zake wawili wakamwambia, "Twende tukuonyeshe Nairobi." Wakatoka wanne, wakapanda matatu mpaka mjini. Wakala nyama choma, wakacheza dansi, wakacheka sana. Hakuna ubaya hapo. Kijana kufurahi na wenzake ni jambo zuri.

Mezani mmoja akamwambia, "Chunga usiwekewe mchele." Mgeni akacheka. Kwao mchele ni chakula tu! Hakujua kwamba Nairobi watu huita "mchele" zile dawa za usingizi ambazo wezi hutia katika kinywaji cha mtu ili wamwibie. Kiswahili ni kimoja, lakini kila mji una maneno yake. Na yule aliyesema hakumweleza.

Saa sita usiku mmoja akapigiwa simu kutoka nyumbani, akaondoka. Wa pili akahamia meza nyingine. Binamu akatoka nje kutafuta teksi. Kila mmoja alifikiri mwenzake yuko na mgeni. Mgeni naye aliacha soda yake mezani, akaenda kucheza. Aliporudi akainywa. Soda, jamani, wala si pombe! Binamu aliporudi, akakuta kiti kitupu.

Kijana aliamka asubuhi kando ya barabara ya Ngong, bila viatu, bila pesa, bila hati ya kusafiria. Simu imekwenda, na namba zote zilikuwa ndani ya simu. Mama mmoja mwuza mboga akamwinamia, "Mwanangu, una nini?" Akajibu kwa taabu, "Shikamoo, mama." Hapo mama akajua huyu ni mgeni. Jina alilokumbuka ni moja tu: Olympic. Mama akaacha mboga zake, akampeleka zahanati, halafu akampandisha matatu. Ndivyo alivyofika ofisini kwetu.

Alipona. Polisi waliandika taarifa, ubalozi wa nchi yake ukampa hati ya dharura, akarudi kwao. Lakini wako wasioamka, maana dawa hizo zikizidi huzuia pumzi.

Nilimwuliza binamu, "Zamu ya kumwangalia mgeni ilikuwa ya nani?" Akainamisha kichwa. Ndugu zangu, sanduku la kikundi tunalitia kufuli tatu, na funguo tunawapa watu watatu. Je, mtoto wa mtu ana thamani ndogo kuliko sanduku?

Basi, wafundisheni vijana haya:

1. Kabla ya kutoka, chagueni mmoja wa kumwangalia mgeni. Huyo asinywe pombe usiku huo.
2. Kinywaji kifunguliwe mbele ya macho yako. Ukikiacha, usikirudie. Heri kiu.
3. Andika kwenye karatasi namba mbili za simu na mahali unapokaa, uitie mfukoni.
4. Mwenzako akilegea ghafla, usiseme "mwache alale kidogo." Mlaze kwa ubavu, usimpe kitu mdomoni, usimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na mtu asimwache peke yake.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana deni: mgeni arudi kwao mzima. Mliotoka wanne, rudini wanne.



Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Kati ya wale vijana watatu, nani alikosa? Kwa nini?
2. Kijana wetu akisafiri kesho, tumwambie nini kabla hajapanda basi?
3. Yule mama aliacha biashara yake. Sisi tungefanya nini?