Siku 60 za kulalamika

Msikilizaji, mchukue binti anayehudumu mgahawani Muleba mjini, au hotelini Bukoba. Mwenzake wa zamu anampapasa kila akipita na sinia la chai. Akimweleza bosi anajibiwa: "Malizaneni wenyewe."

Hapo ndipo penye hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, na mwajiri ana wajibu wa kuukomesha. Bosi hana ruhusa ya kukaa pembeni. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 138D, inaufanya unyanyasaji wa kingono kuwa jinai, ila malalamiko yafikishwe ndani ya siku 60. Kwa anayeogopa kupoteza kibarua, siku hizo ni chache mno!

Sasa tugeukie upande wa pili. Waajiri wanahofia watu kusingiziwa. Ni haki, mtuhumiwa naye asikilizwe. Lakini atasikilizwaje kama malalamiko hayakuandikwa, mashahidi hawakuitwa, na wawili hao bado wanapangwa zamu moja?

Polisi kuna dawati la jinsia la kupokea malalamiko kama haya. Lakini je, mgahawani penye wafanyakazi wanne, bosi akiwa shemeji wa mtuhumiwa, binti huyu aanzie kwa nani?