Pakiti ya Biskuti Ina Nini Ndani?

Maneno ya afisa wa lishe wa kaunti kwa wakulima na wachumaji chai, katika kituo cha kukusanyia majani, Kaunti Ndogo ya Bureti

Lori la majani liko njiani, kwa hivyo sitawaweka sana.

Niliomba kila mwenye mtoto mdogo nyumbani aje na pakiti ya biskuti au keki ambayo huwa ananunua dukani. Naona mmekuja nazo, na nyingine zimeshafunguliwa. Hakuna neno. Sikuja kuwaambia kwamba biskuti ni sumu, kwa sababu si sumu. Nataka tugeuze pakiti tusome yale maandishi madogo ya nyuma. Mbele kuna picha ya ng'ombe na glasi ya maziwa. Nyuma ndiko sheria inamtaka mwenye kiwanda aseme alichotia.

Anzeni na orodha ya viungo. Viungo huandikwa kwa uzito: kilichotiwa kwa wingi hutangulia, kilichotiwa kidogo hufuata mwishoni. Kwenye biskuti nyingi mtasoma unga wa ngano, kisha sukari, kisha mafuta ya mboga. Sasa tafuteni maziwa kwenye ile pakiti ya biskuti za maziwa. Mara nyingi yako chini kabisa, karibu na chumvi na kile kitu cha kuumulia. Mama anayenunua biskuti hizo akidhani zinachukua nafasi ya glasi ya maziwa amenunua picha.

Kisha kuna jedwali la nguvu. Wengine hushtuka wakiona 1,890. Hiyo ni kilojuli, ambayo huandikwa kJ. Igawe kwa 4.2 upate kalori, zile zinazoandikwa kcal: 450. Na mwangalie kwamba hesabu hiyo ni ya gramu 100, wala si ya biskuti moja. Gramu 100 za biskuti tamu za kawaida zina kalori kama 450, sukari gramu 22 hivi, mafuta gramu 16 na protini gramu 7. Kijiko kimoja cha chai hubeba sukari gramu 4. Kwa hivyo katika pakiti hiyo kuna vijiko vitano na nusu, na bado hujamimina chai yenyewe. Ukinywa vikombe viwili vyenye vijiko viwili kila kimoja, umefika gramu 38. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na afadhali abaki chini ya 25. Mtoto anastahili kupata chini ya hapo.

Nisiwe na upendeleo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa pakiti utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini, kwa hivyo biskuti iliyookwa kwa unga huo si tupu kabisa. Hata nitasema jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: mahindi yetu tunayosaga posho mili hayana nyongeza hiyo. Ni mazuri, lakini yanataka mboga na maharagwe kando yake.

Kinachonisumbua mimi ni nafasi ambayo biskuti inachukua. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili ambaye bado ananyonya anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Nusu pakiti tu ni kalori 225. Ongeza kikombe kidogo cha chai ya sukari, karibu nusu ya siku yake imekwisha, na protini aliyopata kwenye biskuti hizo haifiki gramu 4. Mama akimletea ugali na isagek saa saba, mtoto anageuza uso. Tunasema ameshiba, na kweli ameshiba. Lakini yai moja la kuchemsha lina kalori kama 75 na protini gramu 6. Glasi ya maziwa ina gramu 8. Yai liko chini ya kuku wako na maziwa yako kwenye mtungi wako, na unayauza yote mawili ili upate pesa ya kwenda dukani. Hapo mimi hushindwa kunyamaza.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huo ni karibu mmoja kati ya watano, katika nchi nzima. Huku kwetu mvua inanyesha, ng'ombe wanakamuliwa, na bado tunawapima watoto ambao mstari wao kwenye Kitabu cha Mama na Mtoto umelala badala ya kupanda. Biskuti si sababu pekee. Kuna maji machafu, kuna minyoo, kuna mama anayerudi shambani mapema mno. Lakini biskuti ndiyo sababu ambayo mnaweza kuibadilisha leo jioni.

Sasa chai, na mnisamehe kwa kuisema vibaya katika ardhi yake. Chai ina tanini, ambayo hushika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, maharagwe na unga na kuyazuia yasiingie mwilini. Chuma kilichotiwa kwenye unga wa biskuti hakiponi pia. Kunywa chai yako, lakini iache kama saa moja kabla ya chakula au baada yake. Mama mjamzito asimeze vile vidonge vya chuma vya kliniki kwa chai. Ameze kwa maji, na akiwa na chungwa ale. Na mtoto mdogo hana haja ya chai hata kidogo.

Kwa mchumaji anayebeba kikapu tangu asubuhi nina maneno mengine. Wewe unatumia nguvu nyingi, na kalori 450 hazitakudhuru. Ila ile sukari hupita upesi, na saa tano miguu inalegea. Jaribu viazi vitamu vya kuchemsha na kikombe cha mursik, au githeri ya jana. Ukitaka biskuti, kula baadaye.

Jambo la mwisho, zile biskuti zilizovunjika zinazopimwa kwa kilo. Bei yake inavutia, lakini hazina lebo, hazina tarehe ya kuharibika, wala alama ya ubora ya KEBS. Hakuna wa kukuambia zimekaa ghalani muda gani. Mimi singempa mtoto.

Wenye watoto walio chini ya miaka mitano wabaki, mwenzangu ana utepe wa kupima mkono na mizani. Wengine nipeni hizo pakiti, tuanze na hii ya keki, tuone sukari imeandikwa ya ngapi.