Kizunguzungu na Uziwi katika Ukanda wa Migodi: Kutoka Vumbi la Duara Hadi Sikio la Ndani

Mtu akifika zahanati, iwe Mhunze, Maganzo au Nyarugusu, akasema ana kizunguzungu, atapimwa malaria, kisha presha. Vyote vikiwa sawa ataambiwa apumzike na anywe maji. Neno lenyewe linatuponza. Kizunguzungu ni cha mwenye njaa, ni cha mjamzito aliyepungukiwa damu, ni cha mtu ambaye nyumba inamzunguka akiwa ameketi, na ni cha yule anayepepesuka giza likiingia. Mada hii inawahusu hao wawili wa mwisho, hasa wakiwa pia hawasikii vizuri au wana mvumo masikioni. Kusikia na usawa wa mwili hukaa nyumba moja ndani ya mfupa: huku konokono ya kusikia, kule mirija mitatu iliyopinda nusu duara. Prosper Ménière alilieleza hilo Paris mwaka 1861, wakati wenzake wakidhani kizunguzungu cha namna hiyo hutoka kwenye ubongo. Ugonjwa wenye jina lake upo, lakini katika ukanda huu wa almasi na dhahabu nashauri tuulize kwanza habari za mgodi.

Kinachotajwa haraka ni kelele, na si bure. Kwenye karasha, yaani mashine ya kuponda mawe, injini ya dizeli hunguruma mchana kutwa na wanaolilisha mawe huongea kwa mikono. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda wa usalama hupungua nusu. Zikifika 100 zinabaki dakika 15. Seli zenye vinyweleo ndani ya konokono zikifa hazioti tena. Hata hivyo siwaungi mkono wanaoitupia kelele lawama yote. Kelele huiba kusikia polepole, ikianza na sauti nyembamba, na ni nadra kumfanya mtu ayumbe. Zebaki ya kukamatia dhahabu nayo hutetemesha mikono na huweza kuharibu mwendo, ila zaidi kwa kuushambulia ubongo. Kwa hiyo mfanyakazi wa karasha aliyeanza kuyumba atafutiwe sababu nyingine.

Sababu hiyo, kwa maoni yangu, mara nyingi hupitia mapafuni. Vumbi la mawe ya dhahabu, liwe la duara (shimo la mgodi) au la karasha, lina silika, silika hudhoofisha mapafu, na mapafu yaliyodhoofika hushikwa upesi na kifua kikuu. Hapo ndipo sindano huingia. Streptomaisini, dawa ya sindano ya kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943, na kufikia 1945 madaktari wa Marekani walikwisha kuandika kwamba inawayumbisha wagonjwa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza 1977, uliitumia katika tiba iliyoifanya Tanzania mfano wa kuigwa duniani. Baadaye wagonjwa wa kifua kikuu sugu walichomwa kanamaisini au amikasini kwa miezi mingi. Hizo hupenda zaidi konokono, ilhali streptomaisini na gentamaisini hupenda mirija ya usawa. Dawa hizi hukawia kwenye maji ya sikio baada ya kwisha kwenye damu, hivyo madhara yanaweza kuendelea hata sindano zikisitishwa.

Wapo watakaosema: heri kiziwi aliye hai. Ni kweli, na hakuna daktari mwenye akili angewanyima wagonjwa wale tiba. Lakini hoja hiyo inahalalisha sindano, haihalalishi kutopima masikio kabla na wakati wa tiba. Wengine watasema jambo limepitwa na wakati, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limekwisha kuweka mbele vidonge kwa kifua kikuu sugu. Waliochomwa zamani bado wako nasi, na gentamaisini bado inatumika kwa maambukizi mengine. Hatari yake huongezeka figo zikiwa dhaifu. Pingamizi kwamba mvumo umeletwa na kwinini ni jepesi zaidi: mvumo wake kwa kawaida huondoka dawa ikiisha.

Pingamizi gumu ni hili: mbona wengi waliodhurika hawasemi nyumba inazunguka? Sikio moja likiharibika ghafla, ubongo hupokea taarifa zinazopingana na mtu huona kila kitu kinazunguka. Sindano haichagui sikio. Huharibu yote mawili kwa pamoja, basi hakuna mzunguko. Mchana macho humsaidia, ingawa akitembea maandishi ya ukutani hurukaruka. Usiku, akienda chooni bila tochi, hupepesuka na majirani humwita mlevi. Kumuuliza kama nyumba inazunguka hakutamnasa. Aulizwe amefanya kazi gani, duarani au kwenye karasha, na amewahi kuchomwa sindano zipi, kwa siku ngapi. Kisha asimame juu ya godoro lililokunjwa, miguu pamoja, afumbe macho, mhudumu akiwa ameweka mikono tayari kumdaka.