Mgonjwa wa Kiharusi Asisahaulike Kitini

Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti na wakazi wa Ndera

 

Kazi yangu ni habari, si udaktari. Nimekuja na habari moja ambayo wataalamu wa mazoezi ya viungo hurudia kila siku, lakini haifiki nyumbani. Inamhusu mtu aliyepatwa na kiharusi akapona, kisha akabaki na upande mmoja dhaifu.

Nyumba nyingi zinamjua mtu huyo. Amerudi kutoka hospitali, anaweza kusimama na kusogea kidogo. Watoto wanampenda, kwa hiyo wanamwekea kiti chini ya mwembe na kumwambia: "Baba, tulia hapo, kila kitu tutakuletea." Maji yanaletwa, chakula kinaletwa. Miezi sita baadaye hawezi hata kufika chooni peke yake, na watu husema ugonjwa umezidi. Mara nyingi si ugonjwa uliozidi. Ni kukaa.

Tuelewe kwanza kwa nini anachoka. Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani ya kichwa. Mguu wenyewe haujavunjika. Kilichoharibika ni amri inayotoka kwenye ubongo. Kidole cha mguu kinaburura chini, goti linakakamaa, na mgonjwa analazimika kuinua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje ili apige hatua moja. Mguu mzima unafanya kazi ya miguu miwili. Kwa umbali uleule anaweza kutumia hata nguvu maradufu ya zile unazotumia wewe. Ongeza mchanga wetu wakati wa kiangazi, au tope baada ya mto kufurika. Kwa hiyo mzee akifika kwa jirani akasema amechoka, msimwite mvivu. Amefanya kazi kubwa.

Lakini hapa ndipo tunapokosea. Kwa sababu kutembea kunamchosha, tunamzuia asitembee. Misuli inayokaa bure hunyong'onyea, na moyo unaokaa bure hupoteza pumzi. Kesho hatua ileile inamgharimu zaidi, naye anaikwepa zaidi. Mduara huo unavunjwa kwa mazoezi, kidogo kidogo, kila siku.

Tufanyeje? Kwanza, apimwe presha, na mhudumu wa afya akubali kwamba anaweza kuanza. Kisha aanze na dakika chache anazozimudu, apumzike, arudie. Zikizoeleka, aongeze hadi afikishe dakika 10 mfululizo. Kipimo cha juhudi ni rahisi: awe anahema kidogo, lakini bado anaweza kuzungumza nanyi. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Bakora ishikwe na mkono wa upande wenye nguvu, si ule dhaifu. Wengi wetu tunakosea hapo. Avae viatu vinavyoshika kisigino, maana ndara huchomoka na kumwangusha. Anayemsindikiza asimame upande dhaifu, na asimvute kwa mkono uliopooza, kwani bega huteguka kwa urahisi. Muwahi asubuhi au jioni, kabla ya jua kali.

Na mnaweza kupima maendeleo yake hapahapa kijijini. Pimeni mita 10 za ardhi tambarare, mwekeni alama mbili, mtumie saa ya simu. Mtu mzima mwenye afya hutumia kama sekunde 8. Anayetumia zaidi ya sekunde 25, kwa kawaida mwendo wake huishia nyumbani. Akishuka hadi sekunde 12, anaweza kuanza kwenda na kurudi katika jamii kama wengine. Andikeni namba hiyo kila mwezi. Mgonjwa akiona 30 imekuwa 24, atapata moyo ambao maneno yetu matupu hayampi.

Namba hizo si mashindano. Maana yake ni kama mtu atafika msikitini Ijumaa, atafika dukani, atahudhuria mazishi ya rafiki yake, atakaa barazani na wenzake akatoa shauri. Huko ndiko kuishi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia katika huzuni nzito. Anayenyamaza, asiyetaka kula, anayesema yeye ni mzigo tu, huyo naye anahitaji matibabu. Msimwite mtu wa kununa.

Wapo pia wanaosema ni jini, wakazunguka siku tatu kabla ya kufika hospitali. Dua ni haki ya kila mmoja, na inaweza kusomwa njiani. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakikwama ghafla, tafuteni usafiri saa hiyohiyo. Kila dakika sehemu ya ubongo inakufa.

Mzizi mkubwa wa kiharusi ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023 walipewa mikoba yenye kipimo cha presha. Wakibisha hodi, wafungulieni. Aliyepewa dawa asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anakunywa dawa. Na chumvi ipungue mezani.

Naomba kila nyumba yenye mgonjwa ifanye jambo moja wiki hii. Kile kiti chini ya mwembe kibaki, lakini kisogezwe hatua kumi mbali na mlango, naye ayafuate maji yake mwenyewe huku kijana akiwa kando yake. Wiki ijayo, hatua kumi na tano.