Mtoto Baada ya Surua



Tumeombwa tuseme habari za afya ya watoto wa Kitui na Makueni, nasi tumeona heri tushike jambo moja tu, yaani surua, ambayo wengine huiita ukambi. Vipele vikishapotea watu hushukuru na kurudi shambani. Kumbe mara nyingi taabu kubwa ndiyo kwanza inaanza.

Surua haikai katika ngozi peke yake. Homa huula mwili. Vidonda vya kinywa humzuia mtoto kumeza. Tumbo huendesha, na pamoja na choo hupotea protini ya damu iitwayo albumini, ambayo husaidia kuyashika maji ndani ya mishipa. Tena vitamini A hupungua upesi katika damu, hata kwa mtoto aliyekuwa akila vizuri. Yule aliyeingia katika ugonjwa bila akiba iniini aweza kupofuka katika muda wa siku chache. Ndivyo mtoto aliyekuwa mzima mwezi uliopita huonekana leo miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, wala hataki mchezo.

Katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, nchi kavu kama yetu, madaktari waliwaangalia watoto 180 wenye surua, na habari zake zikachapishwa mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Faida ilionekana hasa kwa walio chini ya miaka miwili. Siku hizi dawa hiyo hutolewa siku mbili mfululizo kwa kila mtoto mwenye surua, basi apelekwe zahanati mapema.

Wako wanaomnyima mgonjwa maziwa na mayai. Desturi hiyo twaikataa waziwazi. Anyonyeshwe, apewe uji mwepesi mara nyingi, kunde na majani yake yaliyopondwa pamoja na mafuta kidogo, papai na embe bivu. (Maembe ya Makueni hujaza malori ya Nairobi, yabaki machache nyumbani.) Kwa majuma kadhaa baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kila siku.

Chanjo ya kwanza ni ya miezi 9. Ya pili, iliyoongezwa Kenya mwaka 2013, ni ya miezi 18, wakati mtoto amekwisha kutembea na kadi yake imesahauliwa sandukuni. Twawaomba akina mama waitazame jioni hii.