Nyumba ya Bei Nafuu na Haki ya Anayeuza
(Mazungumzo na vijana wa Chemba baada ya Swala ya Alasiri)

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu vijana, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ni nadra vijana wa Chemba kukaa pamoja bila kutaja viwanja. Wengi wenu mnafanya kazi mjini na mnalipa kodi ya pango kila mwezi. Mnatafuta nyumba ndogo mnayoimudu, katika mtaa wenye utulivu, karibu na msikiti. Hilo ni jema, kwani Mtume (s.a.w.) ameitaja nyumba yenye nafasi na jirani mwema katika mambo ya furaha ya mtu. Tunalotaka kuwausia ni moja: nafuu ya nyumba haipimwi kwa bei peke yake, bali kwa haki ya anayeuza na usafi wa malipo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, sisi walimu watatu tulichanga fedha tukanunua kiwanja pembezoni mwa jiji. Bei ilikuwa karibu nusu ya bei ya viwanja jirani, nasi tukaiita riziki. Siku ya kuchimba msingi alikuja mama mmoja na watoto wawili wa marehemu kaka yake. Kiwanja kilikuwa cha baba yao mkubwa wa ukoo, mirathi haijagawanywa, na aliyetuuzia alikuwa mrithi mmoja tu kati ya wengi. Tulikusanya majembe tukaondoka. Fedha tulirudishiwa kidogo kidogo, na nyingine hazikurudi. Lililotuumiza zaidi si hasara. Sisi ndio tunaofundisha elimu ya mirathi, na swali tunalowauliza wanafunzi kila mwaka, "Marehemu ameacha nani?", hatukumuuliza muuzaji.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali ulipojengwa msikiti wake palikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure, naye hakukubali mpaka akapanunua kwa thamani yake. Ikiwa ardhi ya msikiti haikuchukuliwa bure kwa mayatima, itakuwaje kwa sebule zetu?

Basi ulizeni kabla ya kulipa. Kama ardhi ni ya mirathi, mwoneni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajulikane. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wake aridhie, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Kama ni ardhi ya kijiji huku kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wake, basi msinunue nyuma ya mgongo wake. Anayenunua fleti ndani ya ghorofa naye ajue kwamba sheria ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake, basi aidai hati hiyo.

Dodoma mjini kuna jambo jingine. Kuanzia 1973 ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri. Ukioneshwa karatasi ya zamani, usitosheke na muhuri wake. Ipeleke ofisi ya ardhi ihakikiwe. Kisha andikeni mkataba na wekeni mashahidi, kama tulivyofunzwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Ama malipo, hapa vijana wengi huteleza. Husemwa kwamba wanazuoni wa Ulaya wamehalalisha mkopo wa riba kwa nyumba. Ukweli ni kwamba mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa ruhusa kwa Waislamu wa nchi zile, kwa hoja ya dharura na haja: nyumba iwe ya kukaa mwenyewe, asiwe na nyingine, asiwe na mali ya kumtosheleza, wala njia ya halali isipatikane. Wanazuoni wengine waliipinga hata kwa huko. Mtu wa Amsterdam anaweza kujadili dharura yake. Sisi tuna ardhi ya kujenga chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, na tangu 2011 ipo Amana Bank inayofanya kazi bila riba. Vilevile muuzaji anaweza kukuuzia kwa mafungu, hata kwa bei inayozidi ya taslimu kwa rai ya wanazuoni walio wengi, maadamu bei imekatwa siku ya mkataba na haiongezwi ukichelewa.

Tumalizie na kisa kilichopokewa na Imamu Bukhari. Abu Rafi' alikuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la Sa'd bin Abi Waqqas, akamtaka avinunue. Sa'd akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' alikwisha kupewa bei ya dinari 500 taslimu, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Hata hivyo akamuuzia Sa'd, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba jirani ana haki zaidi.

Hiyo ndiyo nyumba ya bei nafuu tunayowatakia, ambayo muuzaji aliitoa kwa ridhaa na hakuna yatima atakayesimama mlangoni kuidai. Utulivu wa mtaa huanzia hapo.

Wabillahi tawfiq.